Ukurasa wa Kumi na Mbili

Falone aliweka kompyuta yake juu ya meza ya Mwalimu Florentin, akaigeuza mzee apate kuona, kisha akasimama nyuma yake kama mwanafunzi anayengoja daftari lisahihishwe. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na barabara za Kasuku, mjini Kindu, zilikuwa zikinguruma pikipiki.

"Angalia, papa mudogo. Imetoa jibu leo asubuhi."

Mwalimu akavaa miwani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa bei ya dhahabu kwenye shimo moja la machimbo mbele ya mji wa Kama, nao ulikuwa ukiteremka. Wa pili ulikuwa bei ya mchele, chumvi na sabuni kwenye shimo hilohilo, nao ulikuwa ukipanda. Katikati palikuwa na pengo pana, na chini ya pengo programu ilikuwa imeandika neno moja: Nenda.

Programu hiyo Falone aliitunga mwenyewe akiwa chuo kikuu. Kila asubuhi ilisoma bei ya dhahabu ya soko la dunia, ile inayopangwa Ulaya na watu wasiojua Kama iko upande gani. Ilisoma dola inakwenda kwa faranga ngapi. Ilisoma bei ambazo wenye maduka kumi na wanne wa machimboni walituma kwa simu. Halafu ikajifunza yenyewe pengo linafunguka wapi na litadumu siku ngapi. Wafanyabiashara tisa wa Kindu, Destin mmoja wao, walikuwa wamechanga mitaji yao na kuifuata, na kwa miezi miwili walikuwa wanacheka.

"Destin na wenzake wanatoka Jumatatu," Falone alisema. "Pikipiki tatu. Mashini iko na hakika kabisa. Na hiyo hakika inatoka kwa kaye yako, ile daftari ya zamani. Bila bei zako za wakati wa vita, haingejua pengo kubwa hivi njo kitu gani."

Mwalimu alikuwa anautazama ule mstari unaopanda. Aliujua. Aliwahi kuuchora kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, miaka ishirini na kitu iliyopita, na kalamu ilipofika juu alikuwa ametabasamu.

Ilikuwa wakati Kindu imefungwa. Reli ilikuwa imekufa, mto hauendeki, na wenye bunduki walikuwa wamekaa pande zote, kila kundi na kizuizi chake. Chumvi ilikuja kwa ndege, na kutoka uwanjani ilikwenda msituni juu ya baisikeli. Watu hawakuzipanda, walizisukuma, kilo themanini nyuma, fimbo imefungwa kwenye usukani, siku nne hadi Kama. Huko chumvi iligeuka dhahabu, na dhahabu ikarudi Kindu imefichwa ndani ya bomba la kiti.

Shule zilikuwa hazilipi. Florentin alikuwa na kichwa chake na daftari la miraba, basi. Rafiki yake Ephraïm alikuwa na baisikeli na mapaja ya mtu aliyekulia kwenye misitu ya Pangi. Tena kulikuwa na Michel, aliyefanya kazi kwenye foni, ile redio ya kusemea mbali, katika nyumba ya tajiri mmoja. Kila Jumanne na Ijumaa Michel aliita Kama, na Kama ikajibu kwa bei. Matajiri walisikiliza bei na kuguna. Florentin peke yake aliziandika.

Akaziandika miezi mitatu, akapiga bongo, mwisho akatunga kanuni. Unachukua bei ya chumvi kule, unaondoa bei ya hapa, unaondoa chakula cha njiani na vinavyoachwa vizuizini, unagawa kwa siku za safari. Jibu likipita namba fulani, unaondoka. Likiwa chini, unakaa nyumbani unatengeneza matairi. Leo mtoto yeyote aliyesoma angesema hiyo ni kitu kidogo. Wakati ule, mjini ambako kila mtu alikwenda kwa kubahatisha, ilikuwa uganga mtupu.

Ephraïm alikwenda mara kumi na moja kwa kanuni ile, na mara kumi na moja akarudi na faida. Nyumba mbili zilikula. Kabla ya kila safari alipita kwa rafiki yake alfajiri, akaegemeza baisikeli ukutani, akauliza swali lilelile.

"Mwalimu, hesabu inasema nini?"

"Inasema uende."

Na kuna kitu Florentin alikipenda mno katika swali lile. Sitamfichia. Alipenda kuulizwa. Mtu anayevaa shati moja mwaka mzima, halafu mwanamume mwenye nguvu anasimama mlangoni kwake kungoja neno lake; hata wewe ungevimba kichwa.

Safari ya kumi na mbili ilikuja na namba ambayo hakuwahi kuiota. Kwa siku tisa bei ya chumvi Kama ilipanda mara tatu. Michel alimpa bei hiyo, kisha akavua visikilizio, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, ule wa foni ya Kama anasema baisikeli hazionekane tena kule. Tangu juma ya nyuma hakuna muntu alifika."

"Bei ni ile ile uliyonipa?"

"Njo ile."

Florentin akaiandika. Maneno ya Michel nayo aliyaandika pembeni, herufi ndogo: hakuna aliyefika. Alipofika nyumbani akalitazama jedwali lake zuri, namba juu ya namba, na yale maneno yamekaa pembeni kama uchafu. Maneno hayajumlishwi wala hayagawanywi. Akachukua kifutio, akayafuta. Ndipo akachora mstari, na ukapanda, na yeye akatabasamu.

Bei ilikuwa imepanda kwa sababu watu walikuwa wanauawa njiani. Ndiyo hesabu yenyewe, na haikuhitaji daftari. Mama yeyote anayeuza ndizi sokoni angemwambia: kitu kikipotea ghafla, uliza kwanza wanaokileta wako wapi. Msomi wetu hakuuliza.

Alfajiri ile Ephraïm alichelewa kuja. Alipofika, uso wake ulikuwa mzito.

"Leo moyo wangu haupende hii safari," alisema. "Hesabu inasema nini?"

"Haijawahi kusema nzuri hivi."

Ephraïm alicheka kidogo, akasukuma. Baada ya wiki tatu mtu aliyetoka Kalima alileta habari, na kofia ya Ephraïm. Victorine, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa ndiye Falone.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ya Florentin hayakungoja kuwa mjukuu. Yaliingia nyumbani siku ileile yakakaa kwenye kiti. Alichana ukurasa wa kumi na mbili, akaukunja, akauweka katika kopo la chaki. Hakumwambia mtu. Alijiambia ataanza kusema vita vikiisha. Vita vikaisha. Akajiambia mtoto akikua. Mtoto akakua, tena akakua na kichwa cha hesabu, na aliyemfundisha kugawa na kuzidisha ni yeye. Alimlipia shule mpaka chuo. Kila Jumapili Victorine alimwita kula, na kichwa cha samaki kikawekwa kwenye sahani yake, kwa kuwa, alisema, huyu njo alitusimamia. Alikila kichwa kile miaka yote. Kilimkwama, lakini alikila.

Falone alipomwomba daftari ili programu ijifunze bei za wakati wa vita, alimpa. Binti akaona ukurasa wa mwisho umechanika, akauliza. Mwalimu alimwambia ni panya.

Sasa, mbele ya kioo, alielewa alichokifanya. Mashini ilikuwa imesomeshwa safari kumi na moja za faida, na ile moja ya kifo ilikuwa kwenye kopo la chaki. Ilijua kwamba pengo likipanuka watu hutajirika. Ingejuaje lingine? Mwalimu wake alikuwa mwongo.

"Nani alitoka kule juma hii?" aliuliza.

"Kule wapi?"

"Kwa lile shimo. Nani alifika, nani alirudi?"

Falone akafikiri. "Mashini haiulizake ile. Mwenye duka anatuma bei, basi."

"Mupigie simu. Umuulize."

"Papa mudogo, iko nini?"

Aliinuka, akafungua kabati, akashusha kopo. Akang'oa kifuniko. Akaikunjua karatasi juu ya meza, kando ya kompyuta. Mstari wa kalamu ya risasi na mstari wa kioo ulipanda kwa namna moja, kama mtu mmoja ndiye aliyeichora yote.

"Haikuliwa na panya," alisema. "Hii njo safari ya papa yako."

Falone aliinama. Alipapasa karatasi kwa kidole, akafika pembeni, pale palipofutwa. Kifutio cha wakati wa vita kilikuwa kibaya, na karatasi ilikuwa imeshika alama. Akainua karatasi mbele ya dirisha, akasoma polepole. Mwalimu alimweleza yote, foni, Michel, kifutio, alfajiri. Hakujitetea.

Kisha Falone akapiga simu machimboni. Mara ya tatu mwenye duka akapokea, na mlio ulikuwa mbovu. Falone aliuliza maswali mawili tu. Alisikiliza, akashukuru, akamaliza. Akampigia Destin.

"Jumatatu hamuendi. Hapana, siyo bei. Pikipiki mbili ziliondoka Kama kwenda kule Jumanne, hazikufika, na hakuna muntu anajua kwenye ziko. Fungua mizigo."

Aliweka simu juu ya meza. Mwalimu alitaka amtukane. Angemshukuru.

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Kesho utamwambia. Mimi sitamwambia kwa ajili yako." Akafunga kompyuta, akaweka ule ukurasa ndani ya mfuko wake kwa uangalifu. "Na huu nitaupa mashini."

Jumapili Florentin alikwenda mapema. Alipiga moyo konde njia nzima, na njia haikuwa ndefu. Victorine alikuwa amepika samaki wa Lualaba kwa mawese, na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi mbele, na bado alikuwa mtu wa kucheka upesi. Falone alikuwa amekaa kwenye mkeka.

Victorine alichukua upawa, akatafuta kichwa cha samaki.

"Usitie kwanza, shemeki," Florentin alisema. "Acha niseme. Nikimaliza, utaona kama utatia."

Akasema. Alidhani amejiandaa kwa lolote: kilio, kelele, hata kufukuzwa mbele ya majirani. Aliposema kwamba alijua, kwamba Michel alimwambia na yeye akafuta, Victorine aliuweka upawa juu ya kifuniko cha chungu. Hakulia. Alitazama mikono yake.

"Asubuhi ile hakutaka kwenda," alisema. "Alikuwa ameamka vibaya. Alisema, leo nitabaki. Mimi nikamwambia, mutoto anakuja na hatuna hata kitambaa ya kumufunika, na wanaume wenzako wako njiani. Nilimwambia vile. Akavaa viatu."

Florentin hakuwa anajua hilo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amehesabu kosa lake peke yake, kama mali yake.

"Miaka yote nilijua ni mimi nilimuua," Victorine aliendelea, sauti yake ileile ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya unga. "Kwenye kilio, mama yake alisimama katikati ya watu bote. Akasema, huyu mwanamuke njo alimutuma mwanangu kwa kifo, kwa ajili ya kitambaa. Mpaka alikufa hakukula tena chakula yangu. Nilimupelekea, akarudisha. Nikaona ni haki yake."

Falone alikuwa ameinua kichwa. Hata yeye hakuwahi kuambiwa.

"Shemeki, mimi..."

"Ngoja. Nikuulize kitu moja." Alimtazama sasa, usoni kabisa. "Siku ile ya kilio, ulikuwa umekaa wapi?"

Angeweza kusema hakumbuki. Mtu mwenye umri wake angeaminiwa. Lakini alikumbuka kiti, alikumbuka ukuta, alikumbuka yule mama mzee amefungua kitambaa cha kichwa, kidole kimenyooshwa, na Victorine amekaa chini na tumbo lake, hajibu. Alikumbuka karatasi iliyokunjwa, ndani ya mfuko wa shati, kabla hajaiweka koponi.

"Karibu na mlango."

"Basi ulimusikia."

"Nilimusikia," alisema Florentin.