Choroko Zilizoanikwa Jiweni

Mama Bernadeta, mama mkwe wa Modesta, alifika Ilemela siku ya Jumatatu, na kabla hajamaliza maji ya kunywa alikuwa amekwisha sema kilichomleta. Amekuja kumchukua Rebeka. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi. Nathaniel mwenyewe, mume wa Modesta, alilelewa hivyo. Mtoto ana miaka miwili, ameacha ziwa, na mjini hakuna ng'ombe. Jumamosi wataondoka na basi la asubuhi kwenda Magu.

Modesta aliitikia, "Ndiyo, mama," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nathaniel alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na sasa alishinda mjini akitafuta vibarua. Minofu ya sangara ilipita juu ya paa lao ikiwa ndani ya ndege. Wao walikula mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Kiangazi kile mchicha ulikuwa adimu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wa Rebeka ulikuwa umetoka kwenye kijani na kuingia kijivu, na bibi alikuwa ameiona kadi.

Ndipo Modesta akakumbuka somo la sayansi kimu chuoni Butimba. Bi Anyango, mkufunzi wao, aliwafundisha kuloweka choroko hadi kesho yake, kumwaga maji, kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuzisuuza asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu zinakuwa na mikia mirefu, myeupe, mitamu kuliwa ingali mibichi. Mboga isiyohitaji shamba wala mvua. Aliloweka jioni hiyohiyo, akalisukuma beseni chini ya meza ya jikoni, asimwambie mtu. Ijumaa mchana angeiweka sahani mbele ya mama mkwe, nayo ingemsemea.

Ijumaa alirudi kutoka shule aliyokuwa akifundisha, akazikuta choroko zake juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Zilikuwa zimetandazwa kwenye mkeka, zimekauka, mikia imesinyaa kama nyuzi. Mama Bernadeta alikaa kando na fimbo, akifukuza kuku.

Alieleza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. Alikuwa akitafuta chumvi akaliona beseni. Amepika pombe ya mtama miaka thelathini, kimea anakijua: nafaka mbichi, kitambaa, mikia. Hiki kilikuwa kimepitiliza, kingechacha, basi akakianika kikauke kwa ajili ya kusagwa. Nathaniel hajamwambia kwamba hapa hupikwa pombe. Hapo akapunguza sauti.

"Mama Rebeka, hiyo pombe unampikia nani?"

Modesta aliinama akagusa mikia iliyosinyaa.

"Sikulaumu. Mume hana kazi. Lakini choroko hazitoi pombe, mwanangu, hata mlevi ataikataa. Na nyumba ya wanywaji si ya kulelea mtoto wa kike. Afadhali nilivyokuja."

Modesta aliona kwamba akinyamaza atakuwa amekubali. Akasema si kimea, ni mboga, na ni ya Rebeka.

Mama Bernadeta aliutazama mkeka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mnaiacha mbegu mpaka inaota, halafu ndiyo mnaila? Haya ndiyo mliyosomea?"

Kwenye kitambaa zilikuwa zimenata chache, bado mbichi. Modesta aliziosha, akazikaanga na kitunguu, akazitenga na ugali. Rebeka alitia moja mdomoni, akaitafuna, akaitema kwenye kiganja cha bibi yake. Bibi alizila zilizobaki zote, taratibu, kwa sababu hakuzoea kutupa chakula. Alisema hazina ubaya, zinafanana na majani machanga ya kunde, ila mtu atamaliza sahani nzima akitafuta kushiba.

Sahani ilikuwa tupu na haikuwa imemsemea mtu yeyote.

"Mama," Modesta alisema, "Rebeka haendi."

"Umesema nini?"

"Haendi. Kesho nitaloweka nyingine. Akizitema nitazisaga nimpikie uji. Akiukataa uji nitatafuta kingine."

Ndege ilikuwa inapaa, na wote wawili walisubiri imalize.

"Nathaniel anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Mama Bernadeta alianza kuokota punje zilizoanguka nje ya mkeka. Akasimulia, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba wakwe zake walipokuja kumchukua Nathaniel yeye alimfungia mtoto nguo zake vizuri, akawasindikiza hadi njia panda. Mtoto alirudi baada ya miaka minne, akamwamkia mama yake kama mgeni.

"Mimi sikusema haendi," alimaliza. "Basi zisage hizi. Usizitupe."

Hakusema kama amekubali. Lakini Jumamosi alipanda basi peke yake, akaagiza kwamba atakuja tena baada ya mavuno na atamwinua mtoto mwenyewe aone uzito wake. Basi lilipoondoka Modesta alimbeba Rebeka mgongoni, akapanda naye mlima kati ya mawe kurudi nyumbani, ingawa mtoto alikuwa na miguu mizuri ya kutembea na alisema hivyo njia nzima.