Kwa Miguu Hadi Singe

Tangu madaktari waliponiwekea mrija tumboni, nilifanywa mgeni nyumbani kwangu Bagara. Figo zangu zimechoka. Damu yangu sasa husafishwa na maji maalumu ninayoyaingiza tumboni, yakae saa kadhaa, kisha niyatoe na kuingiza mengine. Kazi hiyo naifanya mwenyewe chumbani, baada ya kunawa mikono na kufunga dirisha, na kila mara namshukuru Mungu na watu waliobuni jambo hili. Lakini nikishika jembe, mke wangu Kandida analichukua. Nikisimama, ananiuliza nataka aniletee nini. Majirani walinisifia uso kunawiri, wakati chini miguu ilikuwa imekonda hadi suruali zinapepea.

Lililoniuma zaidi ni mbaazi. Sisi tuliotoka Mbulu tukaja kulima huku tuna utaratibu wa kualikana: leo shamba lako, kesho langu, na baada ya kazi tunakula pamoja. Mwaka jana walivuna kwangu bila mimi kukanyaga shamba la mtu yeyote, kisha kutoka kila shamba nikaletewa chakula nyumbani kwenye hotpoti. Mimi nilisoma shule ya jioni nikiwa baba wa watoto wawili, nikiingia darasani na udongo wa shamba miguuni. Sikuzoea kula nisichokifanyia kazi. Nikaamua kwamba mwaka huu, siku ya kuvuna kwa rafiki yangu Aniceti kule Singe, nitakwenda kwa miguu yangu na nitafanya kazi kabla ya kunawa mikono nile.

Muuguzi wetu, Evangelina, alikuwa ameshanishauri nitembee, kidogo kidogo, nikiongeza kila ninapozoea. Kandida aliamini kwamba alisema hivyo kwa adabu tu. Nilipoanza kweli, alikubali kwa sharti moja. Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa, na Kandida amefunga wazazi wengi mtaani. Akanifunga na mimi, kwa khanga mbili, ili maji yasichezecheze humo ndani. Hata nyumbani sikufunguliwa; ncha tu ya mrija iliachwa nje kwa ajili ya kubadilisha maji. Aniceti alipotukuta mlangoni aliniuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Nikatembea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, kwanza hadi mwisho wa ua, halafu hadi kanisani, halafu hadi barabara ya lami. Pumzi ilirudi. Usingizi ukawa mtamu. Kisha siku moja nilirudi, nikaketi kutoa maji, yakatoka kidogo yakasimama. Mchana nikajaribu tena, ikawa vile vile.

Kandida hakupiga kelele. Alichukua viatu vyangu, akavifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Ni hiyo miguu yako," alisema. "Utakaa, Baba Scola. Afadhali nikuone umekaa kuliko nisikie watu wakikusifia kaburini."

Hata mimi niliogopa. Tulipanda bajaji kwenda hospitali nikiwa na kandambili, na njia nzima niliwaza kwamba muuguzi akimuunga mkono, nitakaa kitini hadi mwisho wa maisha yangu.

Evangelina alituamkia, akasikiliza maelezo yote ya Kandida, hata habari ya viatu. Akayatazama maji machache yaliyokuwa kwenye mfuko tuliokuja nao, akasema ni safi, hayana ukungu. Akaniomba nilale, akaanza kufungua khanga. Alifungua, akaendelea kufungua. Chini kabisa aliukuta mrija umekunjika, umebanwa na fundo. Akaunyoosha, akaunganisha mfuko mtupu, na maji yakaanza kushuka. Sote watatu tuliyatazama.

Kandida akainamisha kichwa. Evangelina akamgeukia.

"Mama, umefunga vizuri sana. Nikijifungua nitakuita unifunge. Lakini huyu hajazaa. Mrija wake haupaswi kubanwa."

"Na kutembea?" Kandida akauliza.

"Kutembea kunamsaidia. Mtu akikaa tu, choo kinakuwa kigumu, na hapo maji hutoka kwa shida. Mpe viatu vyake, mama yangu."

Akatuonyesha jinsi ya kuushikiza mrija kwenye ngozi kwa plasta, ukae bila kuvutwa. Akanikataza kubeba magunia na kujikamua kwa kazi nzito, akasema kifua kikiuma, kichwa kikizunguka au pumzi ikiniishia, nikae chini na tumpigie simu. Ndani ya bajaji Kandida alifungua pindo la khanga, akaniwekea ufunguo mkononi, akaanza kuzungumzia bei ya vitunguu.

Siku ya Aniceti nilibadilisha maji mapema, tukaondoka. Kandida alitembea kando yangu bila kunishika. Nilipotaka kupumzika alisimama na yeye, akajifanya anafunga khanga yake upya. Tulipofika Singe, vijana walikuwa wanakata mashina na wengine wanapiga mbaazi juu ya turubai. Nilikaa mbali na vumbi na mizigo. Nilipewa kazi ya kutangulia mbele ya mapanga, nikipita mstari hadi mstari kuchuma maganda bora ya mbegu. Ni kazi ya kutembea. Upepo wa baridi ulinipiga usoni, miguu ikaniuma kwa namna niliyokuwa nimeisahau, na moyoni nilikuwa nashukuru tu: kwa maji yale, kwa yule binti aliyeyafungulia njia, na kwa mwanamke aliyekubali kuogopa huku akitembea pamoja nami. Aniceti alikuja kuchungulia kikapu changu, akasema nachagua maganda kama mtu anayechagua mkwe.

Wakati wa kula nilikaa chini pamoja na wengine. Kandida alinipakulia chakula changu kisicho na chumvi nyingi, na hakuna aliyenisifia kwa lolote. Aniceti alisimama kuwatangazia watu shamba linalofuata.

"Jumatano ni Mutuka, kwa Eliya," alisema, kisha akanitazama. "Baba Scola, mbegu ni kazi yako. Usichelewe."

Nikamwambia kwamba kabla ya Mutuka ni lazima nibadilishe maji.

"Basi amka mapema," akasema, akaendelea kula.