Droo ya Wekundu na Weusi

Kwa mara ya tatu asubuhi ile binti alihesabu, na kwa mara ya tatu jibu likawa lile lile. Mbawakawa weusi ishirini na tisa, wote madume. Wekundu thelathini na wawili, wote majike. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akarudi kwenye hadubini.

Kazi yake pale makumbusho ilikuwa kuwapanga wadudu hawa wala majani: huyu wa spishi hii, yule wa ile. Weusi walipewa jina zamani sana na mtaalamu mmoja aliyekwisha kusahaulika. Wekundu waliitwa kwa jina la mama yake. Baba ndiye aliyewatangaza kuwa spishi mpya, mwaka ule ule mama alipofariki, na kila alipofungua droo ile binti alilisoma jina kwenye lebo akajisikia yuko nyumbani. Sasa hesabu ilimwambia hakuna spishi mbili, kuna mume na mke tu. Na kanuni ya majina haina huruma: jina la kwanza hubaki, la pili hufutwa.

Aandike, au afunge droo ajitie hamnazo? Au labda alichanganya trei mwenyewe? Hakujua ashike lipi.

Mchana baba alipita kama kawaida yake, mstaafu asiyejua kustaafu.

"Mbona umenuna, mwanangu?"

Binti alimsogezea hadubini. Mzee akainama, akawatazama weusi, kisha wekundu.

"Umepasua wangapi kujua jinsia?"

"Wote, baba. Sitini na mmoja."

"Mimi nilipasua wanne." Akavuta kiti, akaketi. "Siku za mama yako zilikuwa zinakwisha. Nilitaka alione jina lake limechapishwa. Akaliona."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilishuku. Halafu sikutaka kupasua wa tano."

Binti alimkasirikia, akamhurumia, akatamani kumkumbatia, yote kwa mpigo.

"Sasa nifanyeje?"

"Andika. Jina likifutwa halitupwi, unalijua hilo vizuri. Linawekwa chini ya lile la kwanza, na kila atakayemtafuta mdudu huyu atalikuta hapo."

Binti akachukua kalamu. Aliandika jina la kwanza, na chini yake la mama. Hakujua analiokoa au analizika.

"Nisomee," baba akasema.

La kwanza alilisoma vizuri. La pili aliliishia katikati, na baba ndiye aliyelimalizia.