Nyasi za Kona ya Kusini

Nyasi za kona ya kusini zilianza kufa mwezi wa sita, na tangu hapo Noelene Pascoe hakumwangalia tena Garth Wyborn kwa jicho zuri.

Garth alikuwa mtunza uwanja mpya. Hilo peke yake halikuwa kosa. Kosa lake ni kwamba alizaliwa Marlow Creek, mji unaofuata ukishika njia ya reli, na watu wa Currabilly hawakupatana na mji huo kwa sababu ya raga tangu enzi za babu zao. Sasa nusu fainali ilikuwa ichezwe Currabilly Jumapili. Mkaguzi wa ligi angefika Ijumaa, na akiikataa ile kona, mechi ingehamia Marlow Creek.

"Tumemwita adui wenyewe, tukamkabidhi funguo na mpira wa maji," alisema Ross Dunnicliff, mwenyekiti wa klabu, akiwa ameegemea dirisha la kantini. "Unategemea nini, Noelene?"

Noelene aliuza chai na pai za nyama katika kantini hiyo, na dirisha lake lilitazamana na kona ya kusini. Ross alimwomba awe jicho la kamati. Alhamisi jioni kamati ingekutana, na kama kungekuwa na ushahidi, Garth angefungasha virago kesho yake.

Uwanja ule zamani ulikuwa zizi la kondoo waliosubiri garimoshi. Jukwaa lake lilijengwa kwa mbao za stesheni ya kwanza, na mafuriko yalipoumeza mji, watu walilala juu yake na kuku wao. Noelene alijifunza kutembea hapo. Kulifanyika sarakasi, maonyesho ya ng'ombe, hata harusi. Siku ya mechi kila familia iliegesha gari mahali pake kwenye uzio, pua ikielekea uwanjani, na Currabilly wakifunga trai, yaani wakiugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, honi zote zililia kwa pamoja. Ukiegesha mahali pa mwenzio, hamsemeshani mpaka msimu uishe.

Ila kona ya kusini ilikuwa na heshima yake. Zamani Waingereza waliokuwa ziarani walikuja kucheza hapo wakaitandika Currabilly pointi arobaini na moja kwa tatu. Arobaini na moja zilisahaulika. Zile tatu zilikuwa za trai ya Snow Keating, mwenye bucha, aliyeteleza mpaka kwenye kona ile akiwa na mpira kifuani na Waingereza wawili mgongoni. Ukimwuliza mtu wa Currabilly pepo iko wapi, atakuonyesha pale kwa kidole.

Basi Noelene akawa anachungulia. Aliona Garth akienda kwenye kona kila asubuhi na dumu jeupe, akimwaga taratibu, akirudi bila kumtazama mtu. Siku moja alilinusa lile dumu Garth alipokwenda kula. Halikunuka kitu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Sumu ya siku hizi, alijiambia, hainuki.

Kubwa kuliko yote, Garth alikataa kuchimba. Kila mtu alijua dawa ya nyasi zilizokufa: ng'oa, toa udongo, tandika nyasi nyingine. Ross alimwamuru mara mbili, naye akasema ataona. Jumatano Noelene akamkabili mwenyewe, mikono bado ina unga.

"Kwa nini huchimbi pale?"

"Sichimbi tu, mama."

"Unaficha nini?"

Garth alimtazama. "Kati ya watu wote," akasema, "wewe ndiye unaniuliza?"

Kisha akaenda zake. Noelene alirudi kantini. Mtu mwenye hatia, aliwaza, ndivyo anavyojibu, anakurushia wewe lawama.

Alhamisi alfajiri kulikuwa na baridi kali na nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Noelene alikuja mapema, akateremsha pazia la dirisha hadi nusu, akakaa nyuma yake bila kuwasha jiko. Alitaka kumkamata Garth kwa macho yake.

Mtu akatokea nyuma ya jukwaa. Hakuwa na dumu. Alikuwa na kopo la plastiki la aiskrimu, na alikuwa akigeukageuka kama mwizi wa kuku. Alipofika kwenye kona akavua kofia, na Noelene akautambua upara wa Ross Dunnicliff.

Ross alifungua kopo, akamwaga kitu cha kijivu, akasimama midomo ikicheza. Kisha akakisambaza kwa kiatu.

Noelene hakuhitaji kuambiwa. Yeye mwenyewe alifanya vivyo hivyo mwezi wa nne, baada ya mwili wa marehemu mumewe, Lindsay, kuchomwa na majivu yake kurudishwa kwenye mtungi. Alimmwaga Lindsay pale pale, akamwongezea bia kidogo, akasambaza kwa kiatu. Alidhani dunia nzima hakuna mwingine aliyewahi kuwaza jambo hilo.

Alitoka nje. Ross alipomwona akalificha kopo mgongoni.

"Nani huyo?" Noelene aliuliza.

Ross akaangalia chini. "Mama yangu."

"Basi ondoa mguu. Umemkanyaga Lindsay."

Walimkuta Garth bandani akijaza dumu maji ya mvua. Alikiri kwamba aliwaona wengi, tangu wiki yake ya kwanza: wenye maua, wenye bia, mmoja mwenye filimbi ya refa. Majivu ya watu yana chumvi inayochoma nyasi, na yeye alikuwa akijaribu kuizamisha kwa maji.

"Mbona hukusema?" Ross alifoka, lakini sauti ilikuwa imeshaishiwa nguvu.

"Niseme mimi, mtu wa Marlow Creek, kwamba wafu wenu wanaharibu uwanja? Na kuchimba sichimbi. Mimi nakata nyasi. Sifukui watu."

Kikao hakikufanyika. Noelene alipiga simu nyumba moja baada ya nyingine bila kutaja kosa la mtu, akisema tu kwamba kona inachimbwa leo na mwenye sababu ya kuwepo aje na koleo. Kufikia saa nane walijaa. Kila aliyefika alimkodolea macho aliyemtangulia. "Hata nyinyi?" ndilo lililosikika zaidi, na wajane wawili waliosali kanisa moja hawakutaka kutazamana kabisa.

Waliutoa udongo kwa ndoo, kila familia ikaumwaga chini ya uzio mahali inapoegesha gari. Garth alitandika nyasi alizozikata kwenye kiwanja cha mazoezi, akiwafokea wanaokanyaga. Kesho yake mkaguzi alizigonga kwa kisigino, akauliza mbona chini ya uzio mzima kuna udongo uliofukuliwa. Ross alimwambia ni panya. Mkaguzi hakuonekana kuamini, lakini alitia sahihi.

Jumapili Noelene aliegesha gari mahali pake, ndoo yake ikiwa imemwagwa mbele ya magurudumu. Kulikuwa na jambo lililomkosesha raha tangu Alhamisi. Udongo ule ulichanganyika. Nani angeapa kwamba aliyembeba ni Lindsay wake? Alihisi mle ndani mna sehemu kubwa ya mama yake Ross, marehemu Una, ambaye alipokuwa hai aliandika malalamiko kwa kamati kila msimu kuhusu honi ya Lindsay.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, kijana wa Currabilly akapenya, akaanguka na mpira kwenye kona ya kusini. Nyasi mpya hazikubanduka. Honi zikalia uzio mzima.

Noelene aliteremsha kioo, akachungulia udongo.

"Una, kama ni wewe," alisema, "niwie radhi." Kisha akabonyeza honi na hakuiachia.