Ndege wa Ghuba ya Pelkey

Kila Julai, Jumamosi moja asubuhi, watu wa Ziwa Nesbit huhesabu luni, wale ndege weusi wenye madoa meupe wanaolia kama mtu anayecheka peke yake. Kila mmoja hupewa kipande chake cha ufuko. Wakimaliza hukutana ukumbini kula chapati za maji zenye shira ya utomvu wa miti, kisha mmoja mmoja husimama na kusema alichokiona.

Arlene alipewa Ghuba ya Pelkey tangu alipotoka chuoni, na kila mwaka alisema hakuona kitu, akaketi haraka. Uongo. Luni wawili walitaga pale kila mwaka, kando ya mawe. Lakini angesema, watu wangejaa na mitumbwi na kamera, na Glenda Hatch angekuwa wa kwanza. Glenda alihesabia kule Rasini, kwenye ardhi ya mjomba wake. Kila mwaka alikuwa na vifaranga wa kusimulia, na meza aliyokaa ndiyo iliyojaa. Ndege wa ghubani ndio kitu pekee Arlene alichokuwa nacho ambacho Glenda hakuwa nacho.

Mwaka huu Royce, mwenyekiti wa chama cha kuhifadhi ardhi, alingoja watu washibe. Alieleza kwamba mjane Pelkey anauza ghuba, na mjomba wa Glenda anauza Rasi. Michango ilitosha kununua kipande kimoja tu, kiachwe na miti yake milele. Kamati ilikuwa imechagua Rasi. Ghuba ilikwisha kupata mtu wa kujenga nyumba za likizo.

"Pale Pelkey ni pazuri," alisema, "ila ndege hawapapendi. Arlene anatuambia kila mwaka."

Glenda alimpigapiga Arlene begani. "Usijali, shoga. Mwakani njoo uhesabu kwangu."

Arlene alihisi uso ukimwaka. Akilini akaona matingatinga kwenye yale mawe, na Glenda akiwa na ndege wake wote. Akasimama.

"Wapo," alisema.

"Nani?" Royce aliuliza.

"Luni. Ghubani. Wawili na kifaranga. Wapo kila mwaka."

Mzee Dunstan aliweka uma chini. "Kumbe binti ulikuwa unahesabu umefumba macho!"

Ukumbi ukacheka. Royce hakucheka, alimuuliza kwa nini.

"Nilitaka wawe wangu," Arlene alisema, kwa sauti ambayo meza za nyuma hazikuisikia.

Royce alisema lazima waone wenyewe. Wakaenda na mitumbwi mitatu, Glenda akapanda ule wa Arlene bila kuombwa. Karibu na mawe Arlene alinyanyua kasia na kumpa darubini. Luni alikuwa akielea, kifaranga amejibanza mgongoni mwake.

Glenda aliwatazama, darubini haimtoki machoni.

"Mchoyo wewe," alinong'ona. "Ningekuwa mimi, nisingesema hata leo." Kisha, bila kugeuka: "Mjomba atasubiri kuuza Rasi hadi mwakani. Nitamkalia kooni mpaka akubali."

Kutoka mtumbwi wa pili Royce alisema atampigia mjane Pelkey simu mchana huohuo, kabla hajasaini na yule wa nyumba. Arlene alijua anapaswa kufurahi, na kwa kiasi alifurahi. Lakini Glenda alikuwa bado hajairudisha darubini. Arlene alikaa nyuma yake na kasia mapajani, akingoja zamu ya kuwatazama ndege ambao jana walikuwa wake peke yake.