Kumzika Hénoc

"Mutu mumoja anakufa mara ngapi, Barthélemy? Juzi nilipika matanga, jana nilipika, na leo tena! Bunga yangu ya ugali imeisha!"

"Mama Florence, si mimi namuua. Ni bale banacheza."

Florence alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha michezo ya video cha Barthélemy, hapa Nchelenge, Zambia, mwiko mkononi. Ilikuwa miezi ya kukatazwa kuvua, na wavuvi walishinda humo wakipigana vita kwenye televizheni. Katika vita hiyo, kwenye daraja lililovunjika, kuna kijana wa shati la njano anayeinua mikono na kuomba maji. Ni Hénoc, mtoto wa Mama Pierrette, yule aliyechukuliwa na wanajeshi kule Pweto, Kongo, kabla familia haijavuka mpaka. Hakuna aliyeuliza amefikaje mle. Mtu aliyepotea lazima awe mahali fulani.

Usipompiga risasi, mchezo hauendelei. Basi wanampiga. Akishakufa, Pierrette anatandika mkeka nje, wanawake wanaleta kuni, wanaume wanawasha moto, na mtaa mzima unaacha kazi, maana hapa hakuna anayekwenda shambani maiti haijazikwa. Shida ni kwamba maiti inabaki kulekule ndani. Wachezaji wanairuka, wanakwenda zao.

"Mie nataka tu kumuzika," alisema Pierrette kutoka kwenye benchi lake mbele ya televizheni. "Mbele ya ile daraja munatafuta nini?"

"Kifaru, mama!" alijibu Lackson, mvuvi mwenye mdomo, na wenzake wakacheka.

Zamu ilikuwa yake. Akapiga. Hénoc akaanguka. Lackson akamruka, akafika mwisho wa daraja, akasimama. Halafu akarudi kwa Hénoc.

Aliyetengeneza mchezo aliweka kibonyezo cha kukimbia, cha kuruka na cha kubadilisha bunduki. Cha kubeba maiti hakuweka. Lackson alibonyeza vyote pamoja, jasho likimtoka kama anayevuta wavu uliojaa, mpaka askari wake akaweka bunduki chini, akainama, akamleta Hénoc mpaka ukingoni mwa kioo cha televizheni. Barthélemy akaondoa kitambaa cha kuikinga na vumbi ili kupisha njia. Wanaume wakampokea nje ya kioo, Lackson upande wa kichwa. Hénoc alikuwa mzito kuliko walivyodhani.

Walimzika nyuma ya kanisa jua likingali juu. Florence aliimba kwa Kibemba. Mchungaji hakumtaja aliyemchukua Hénoc, kwa kuwa hakuna anayelijua jina lake.

Waliporudi, Barthélemy aliwasha televizheni, wateja walikuwa wakingoja. Hénoc alikuwa darajani, mikono juu, anaomba maji. Pierrette alimtazama kidogo, akakaza kitambaa kichwani, akatoka.

Lackson alikuwa amekaa peke yake mbali na moto, udongo bado kwenye kucha.

"Weye njo ulimuua, weye njo ulimubeba," Pierrette alimwambia. "Ingia ukule, baba. Ugali na sombe inapoa."