Figo Lililosingiziwa

"Wifi, njoo! Kiache hicho kikombe, njoo uone!"

Bi Vipimo alishtuka, nusura amwage chai kwenye kibodi. Jina hilo alipewa hospitalini kwa kuwa ndiye mwanafizikia wa idara ya mionzi, na hakuna tone la dawa lililomfikia mgonjwa bila yeye kulipima. Aliyemwita ni wifi yake, dada wa mumewe, mtengenezaji wa programu za kompyuta mwenye mdomo usio na breki.

Kwa muda mrefu wawili hao walikuwa wakiunda programu ya kukokotoa dozi. Mgonjwa wa saratani hutundikiwa dripu yenye mionzi, dawa ikasafiri na damu, ikaunguza uvimbe kwa ndani. Lakini njiani huunguza na visivyohusika. Programu yao ilikuwa ya kueleza kila kiungo kimepata kiasi gani, kwa mwili wa mgonjwa huyo huyo, si kwa mwili wa kukisia.

Asubuhi hiyo walikuwa wameipa picha za pande zote za mwili wa Mzee Tarumbeta, mwanamuziki wa bendi ya harusi. Dripu za mwanzo zilimwinua kitandani, ila iliyofuata ilisitishwa. Hesabu za zamani zilidai figo lake la kulia limekaribia kikomo cha mionzi, na daktari bingwa, mama asiyependa kubahatisha, alikataa katakata. "Siwezi kuua nyoka kwa kuchoma nyumba," alisema.

"Tazama," wifi alisema, akigonga skrini kwa ukucha. "Figo la kulia. Halijafika hata nusu ya mnachodai!"

Moyo wa Bi Vipimo uliruka, akaukamata haraka. "Kizuri mno hicho kuwa kweli. Umekosea mahali."

"Mimi? Kosa langu maishani ni moja tu, kumruhusu kaka yangu akuoe."

Bi Vipimo alicheka huku akiuzungusha mwili wa mzee kwenye skrini. Akautazama kwa mbele, kwa ubavuni, kwa nyuma. Mara akaganda.

"Wifi! Ini limejaa uvimbe, limeteremka mpaka limelifunika figo. Picha zetu za zamani ni bapa, zinaona kama kivuli ukutani. Mionzi iliyo kwenye ini tumelihesabia figo!"

"Yaani figo limesingiziwa?"

"Limesingiziwa!"

Lakini kusema si kuthibitisha. Bi Vipimo alitoa kabatini kiwiliwili cha plastiki chenye ini na mafigo matupu, akayajaza maji yenye dawa aliyoipima mwenyewe, akaliteremsha ini juu ya figo kama la mzee, kisha akakiingiza kwenye mashine ya picha. Wifi alitazama kutoka nyuma ya kioo.

Majibu yakaja. Njia ya zamani ililizidishia figo kupita kiasi. Programu yao ilipishana na kiasi alichopima Bi Vipimo kwa unywele tu.

Wifi alipiga kigelegele, idara nzima ikatoa vichwa milangoni. Bi Vipimo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikuwa tayari katikati ya korido kuelekea kwa daktari bingwa, koti jeupe likipepea.

Daktari bingwa hakushangilia. "Mipaka ya figo kwenye picha mmeichora wenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Futeni. Nitachora mimi, bila kuona yenu."

Akachora polepole, huku wifi akitafuna kucha. Jibu likarudi karibu lile lile. Daktari akafungua vipimo vya damu vya mzee, navyo vilisema mafigo ni mazima. Akavua miwani, na hapo ndipo tabasamu likamponyoka. "Mwiteni mgonjwa."

Mzee Tarumbeta alikuja na mkewe. Bi Vipimo aliwaonyesha picha, akawaeleza bila kuficha kwamba hatari haijaisha, ila nafasi ipo.

"Kwa hiyo, binti yangu, figo langu halina hatia?"

"Halina, baba."

"Basi litoke rumande, tuendelee na kesi!"

Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Bi Vipimo mkono, akakataa kuuachia.

Dripu ilitundikwa. Picha zilizofuata zilipofunguka, chumba kilijaa watu kuliko viti. Uvimbe uliokuwa ukiwaka kama makaa ulikuwa umenywea, mwingine haukuonekana kabisa, na vipimo vya figo havikutetereka. Safari hii hata daktari bingwa alipiga makofi, tena ya nguvu, mpaka muuguzi akamkumbusha kuna wagonjwa wamelala.

Watu walipotawanyika, daktari alirudi, akaufunga mlango.

"Nina wengine niliowasitishia dawa," alisema. "Sisemi wote wamesingiziwa. Lakini kuna mama mmoja, ini lake nalo limeteremka. Picha zake ziko tayari. Mnaweza kuanza lini?"

Bi Vipimo aligeuka kumuuliza wifi yake. Wifi alikwisha kuvuta kiti.

"Kaa, wifi," alisema. "Unanizibia skrini."